Vifaa vya kupimia kotisoli kwenye mate: kichupa ni kizuri, saa ndiyo inayoponza

Anayetafiti jinsi msongo unavyogusa kumbukumbu ana swali moja la kujibu kabla ya mengine yote: mshiriki huyu alipata msongo kweli, na ulimpata saa ngapi? Kumuuliza mwenyewe hakutoshi. Wapo wanaosema roho iliwaruka huku homoni zao hazikusogea, na wapo wanaoapa walikuwa watulivu kumbe kotisoli, homoni ya msongo, imepanda maradufu. Ndiyo maana maabara nyingi hununua vifurushi vya kupimia kotisoli kwenye mate: vichupa vya kukusanyia upande mmoja, na upande wa pili sahani ya visima 96 iliyopakwa kingamwili, yaani protini inayonasa kotisoli. Hapa tumevipima kwa kazi hiyo tu ya kumbukumbu na msongo. Kwa daktari anayetafuta ugonjwa wa tezi, hukumu ingekuwa nyingine.

Tuanze na hukumu. Kemia ya vifurushi hivi imekomaa na inaaminika, na anayefuata maelekezo atapata namba safi. Tatizo liko kwenye kijitabu cha maelekezo. Kinaeleza mate kwa undani wa kupendeza lakini hakigusi ratiba ya jaribio lako. Na katika kazi hii, sampuli iliyochukuliwa vizuri kwa wakati usiofaa haina faida kuliko sampuli iliyomwagika.

Kwa nini mate, si damu

Kotisoli nyingi iliyomo kwenye damu imeshikwa na protini, na ikiwa imeshikwa haifanyi kazi. Sehemu ndogo, takriban asilimia 5 hadi 10, ndiyo iliyo huru. Hiyo ndiyo inayoingia kwenye seli na kufika kwenye ubongo, na ni hiyo hiyo inayopenya hadi kwenye mate. Tangu mwaka 1968, Bruce McEwen na wenzake walipoonyesha kwamba hipokampasi ya panya, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, hunasa kwa wingi homoni ya adrenali inayoizungukia, mtafiti wa kumbukumbu amekuwa akitaka kujua kiasi kinachofika kule, na mate yanamkaribisha zaidi kuliko kipimo cha kotisoli yote ya damu. Faida nyingine ni ya wazi: sindano yenyewe inatisha. Ukimchoma mtu wa kundi la ulinganishi umeshampa msongo uliotaka asiupate.

Onyo kwa wanaofanya kazi na wanyama: panya hutegemea kotikosteroni, si kotisoli. Kingamwili ya kifurushi cha binadamu haikutengenezwa kwa ajili yake. Namba zitatoka, kwa sababu mashine husoma rangi yoyote iliyo mbele yake, lakini hazitakuwa na maana. Nunua kifurushi kilichoandikwa kotikosteroni.

Kukusanya

Njia tunayoipa alama ya juu kabisa ni ya kudondosha: kichupa cha polipropilini cha mililita 2 na kirija kifupi. Mshiriki anainamisha kichwa, anaacha mate yajikusanye chini ya ulimi, kisha anayasukuma taratibu kupitia kirija. Hakohoi wala hatemi kwa nguvu. Kitu kidogo kinachowakwaza wengi ni povu. Kichupa huonekana kimefika kwenye mstari, kumbe chini kuna maikrolita 200 tu za mate na juu yake sentimita mbili za mapovu. Soma ujazo chini ya povu, na mshiriki akisema amemaliza, gonga kichupa mara mbili tatu juu ya meza kisha usome tena.

Kiasi gani kinatosha? Vifurushi vingi vya siku hizi hutumia maikrolita 25 kwa kisima, na kila sampuli hupimwa kwenye visima viwili. Kwa hesabu ya karatasi ni maikrolita 50. Usikusanye hizo. Kusanya mililita 1, kwa sababu baada ya kuyeyusha sampuli iliyogandishwa na kuizungusha kwenye mashine, ute hubaki chini kama uji mzito na kula sehemu ya mate, na sampuli ambayo visima vyake viwili vimepishana itahitaji kurudiwa. Acha pia nafasi juu ya kichupa: mate yakiganda hutanuka, na kifuniko kilichobanwa juu ya kichupa kilichojaa hadi mdomoni hupasuka ndani ya friza.

Njia ya pili ni kipande cha kutafuna kilichokaa kwenye bomba ndani ya bomba, muundo uliozoeleka kupitia Salivette ya kampuni ya Sarstedt ya Ujerumani. Mshiriki anakiweka mdomoni dakika moja hadi mbili, anakirudisha bila kukigusa kwa vidole, na mashine ya kuzungusha inayavuta mate hadi bomba la chini: dakika 2 kwa nguvu ya mara 1,000 ya mvutano wa dunia. Ni njia safi, yenye staha zaidi machoni pa washiriki, na inayatoa mate yakiwa maangavu. Lakini angalia kipande kimetengenezwa kwa nini. Pamba ya kawaida hushika baadhi ya homoni, na mate yakiwa machache kipimo cha kotisoli nacho hushuka. Testosteroni na homoni nyingine za jamii hiyo hupotoshwa vibaya zaidi. Cha nyuzi bandia ndicho tunachokipendekeza. Na ukishachagua aina moja, kaa nayo hadi mwisho wa utafiti. Kubadilisha kati ya washiriki wa kumi na wa kumi na moja ni kuleta tofauti ambayo hutaweza kuitenganisha na athari unayoitafuta.

Kama unataka pia alfa-amilesi, kimeng'enya cha mate kinachofuata msisimko wa haraka wa neva, kipande cha kutafuna kinaleta shida nyingine. Kiwango chake hutegemea kasi ya mate na tezi iliyoyatoa. Kipande kilichowekwa shavuni na kilichowekwa chini ya ulimi havitoi jibu moja. Tumia njia ya kudondosha, na andika dakika ngapi zilitumika kwa kila kichupa.

Masharti ya mshiriki ni ya kusisitiza bila aibu. Asile mlo ndani ya saa moja kabla ya sampuli, asivute sigara, asinywe kahawa, asifanye mazoezi mazito. Asipige mswaki karibu na muda wa sampuli, kwa sababu fizi zikitoa damu, kotisoli ya damu inaingia kwenye mate na kuyapandisha. Asukutue kwa maji dakika 10 kabla, si dakika 1, maana maji yaliyobaki mdomoni yanayazimua mate. Lakini asije na njaa ya tangu jana: mtu aliyekaa bila kula muda mrefu, mwitikio wake wa kotisoli hudidimia, na wapo watafiti wanaowapa washiriki wote kinywaji chenye sukari mapema ili waanze sawa. Uliza pia kuhusu krimu za ngozi zenye haidrokotisoni. Haidrokotisoni ni kotisoli ile ile kwa jina la duka la dawa. Chembe iliyobaki kwenye kidole kilichogusa kirija huipeleka sampuli kwenye kiwango ambacho hakuna mwili wenye afya unaokifikia. Ukiona sampuli moja katikati ya tano imeruka hadi juu ya kipimo, shuku vidole kabla ya kushuku ubongo.

Sampuli za kotisoli zina uvumilivu mzuri. Zinastahimili siku kadhaa kwenye joto la chumba, ila bakteria huanza kazi na harufu huja, kwa hiyo friji siku hiyo hiyo na friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri haraka iwezekanavyo. Kugandisha kuna faida ya ziada: huvunja ute, nao hushuka chini ukizungusha dakika 15 kwa nguvu ya mara 1,500. Usiruke hatua hii kwa mate ya kudondosha. Pipeti ikivuta uzi wa ute, inapima hewa.

Saa, yaani kazi yenyewe

Hapa ndipo kijitabu kinapokuacha peke yako. Msongo unapoanza, ubongo unaituma amri kutoka haipothalamasi hadi tezi ya pituitari, kutoka pale hadi tezi za adrenali zilizo juu ya figo, kisha kotisoli inaingia kwenye damu, kisha kwenye mate. Safari hiyo inachukua muda. Kilele kwenye mate hufika takriban dakika 20 hadi 30 tangu msongo uanze. Sampuli ya dakika ya 5 haikuelezi lolote kuhusu msongo uliotoa. Inaeleza hali ya mtu alipokuwa anafungua mlango.

Kwa kumbukumbu, muda huo ni suala la kufa na kupona. Mwaka 1998 Dominique de Quervain, Benno Roozendaal na James McGaugh walichapisha jaribio la panya waliokuwa wamejifunza mahali pa jukwaa lililofichwa ndani ya maji. Waliopata mshtuko wa umeme dakika 30 kabla ya kupimwa walipotea njia. Waliopigwa dakika 2 kabla, au saa 4 kabla, walikumbuka vizuri. Msongo ni ule ule na kumbukumbu ni ile ile. Kilichobadilika ni saa tu, na hali hiyo ilienda sambamba na kupanda na kushuka kwa kotikosteroni. Kwa upande mwingine, mwaka 2003 Larry Cahill na wenzake waliwatumbukiza watu mkono kwenye maji ya barafu mara baada ya kutazama picha, na picha zenye kugusa hisia zikakumbukwa zaidi baadaye. Kwa hiyo msongo baada ya kujifunza hukaza kumbukumbu, na msongo muda mfupi kabla ya kukumbuka huizuia. Mtafiti asiyetenganisha vipindi hivi anachanganya nguvu mbili zinazovutana, kisha anaandika kwamba msongo hauna athari.

Ratiba tunayoiona inafaa kwa kifurushi cha sampuli tano ni hii. Fanya kazi mchana, kati ya saa 8 na saa 12 jioni. Asubuhi kotisoli iko juu na inashuka kwa kasi yake yenyewe, kwa hiyo msongo wako unakuwa unapanda mlima unaoporomoka. Mshiriki akifika, mkalishe dakika 30 na kazi isiyo na mashindano. Ugeni wa mahali na mwendo wa njiani huipandisha sampuli ya kwanza, na ukiichukua mapema utaona kila mtu "anatulia" baada ya kuteswa. Sampuli ya kwanza dakika 2 kabla ya msongo. Ya pili mara msongo unapokwisha. Ya tatu dakika ya 25 tangu msongo uanze, na kipimo cha kukumbuka kianze hapo. Ya nne dakika ya 45, ya tano dakika ya 70. Saa moja tu itumike chumbani, na muda uandikwe kama ulivyotokea, si kama ulivyopangwa. Sampuli iliyochukuliwa dakika ya 31 iandikwe 31.

Kama swali lako ni kujifunza au kuimarika kwa kumbukumbu, peleka kipimo cha kukumbuka siku ya pili, saa 24 baadaye, kotisoli ikiwa imesharudi chini. Ukipima siku hiyo hiyo hutajua kama mtu hakuhifadhi au alishindwa kutoa alichohifadhi.

Kifurushi hakileti msongo. Huo unautengeneza mwenyewe. Jaribio la Trier la mwaka 1993, la Kirschbaum, Pirke na Hellhammer, ambapo mtu anahutubia jopo lisilotabasamu dakika 5 kisha anahesabu kwa sauti kurudi nyuma dakika nyingine 5, huitikisa kotisoli kwa uhakika lakini linadai watu na vyumba. Toleo la maji ya barafu linaloongezewa mtazamaji, alilolieleza Lars Schwabe na wenzake mwaka 2008, linamfaa mwenye chumba kimoja: mkono hadi juu kidogo ya kifundo ndani ya maji ya nyuzi 0 hadi 2, dakika 3, mtu asiye mchangamfu akimwangalia na kamera ikiwa mbele yake. Kundi la ulinganishi linatumia maji ya uvuguvugu wa nyuzi 35 hadi 37, bila kamera wala macho makali. Kinachoharibika mara nyingi ni joto. Mkono ulio tuli unajitengenezea ganda la maji ya vuguvugu kuuzunguka, na barafu ikielea upande wa pili wa ndoo, kipimajoto kinasema 1 huku ngozi iko kwenye 6. Weka pampu ndogo ya kuzungusha maji, au mtu akoroge kabla ya kila mshiriki, na upime karibu na mkono.

Sahani

Kipimo ni cha mashindano: kotisoli ya mshiriki inagombea kingamwili na kotisoli ya kiwandani iliyobebeshwa kimeng'enya. Kwa hiyo rangi iliyokolea ina maana ya kotisoli kidogo. Hili huwachanganya wageni, wanaona kisima chenye rangi kali na kufurahia msongo ambao haupo. Mwishoni tindikali hugeuza buluu kuwa njano, na mashine inasoma kwenye nanomita 450.

Visima 96 si sampuli 96. Viwango sita vya kulinganishia, sifuri, kisima tupu na vidhibiti viwili (sampuli ambazo kiwango chake kinajulikana), vyote mara mbili, vinakula visima 20. Vinabaki 76, yaani sampuli 38. Kwa sampuli tano kwa kila mtu, sahani moja inabeba watu 7, na nafasi tatu zinabaki. Zitumie kurudia sampuli zilizogoma kwenye sahani iliyotangulia. Sampuli zote za mtu mmoja zikae sahani moja, na kila sahani iwe na watu wa kundi la msongo na wa ulinganishi. Anayeweka kundi moja sahani ya kwanza na jingine sahani ya pili amepima tofauti ya sahani.

Makosa mengine ni ya mkono na subira. Sahani iliyotoka kwenye friji na kuanza kutumika mara moja husoma pembeni tofauti na katikati, kwa kuwa visima vya pembeni hupata joto kwanza. Iache na vimiminika vyake kwenye joto la chumba kwa muda wa takriban saa mbili. Jaza haraka na kwa mfuatano ule ule, ili kisima cha kwanza na cha mwisho visipishane dakika nyingi. Mapovu chini ya kisima hutawanya mwanga. Maji ya kuoshea yaliyobaki hupunguza nguvu ya kinachofuata, hivyo pindua sahani na uigonge juu ya karatasi mpaka isiache alama. Visima viwili vya sampuli moja vikipishana zaidi ya asilimia 15, rudia, na usiwe na huruma.

Namba zikishatoka

Vifurushi vingine huandika maikrogramu kwa desilita, vingine nanomoli kwa lita. Zidisha za kwanza kwa 27.59 kupata za pili. Kigezo kinachotumika sana cha kusema mtu ameitikia ni kupanda kwa angalau nanomoli 1.5 kwa lita kutoka mwanzo hadi kilele. Kabla ya kulinganisha na chapisho la mwingine, tazama alitumia kipimo gani: njia za kingamwili husoma juu zaidi kuliko spektrometria ya masi, inayotambua molekuli kwa uzito wake, kwa sababu kingamwili hukamata kidogo pia homoni zinazofanana na kotisoli. Ndani ya utafiti wako hilo halikusumbui. Kulinganisha namba ghafi za maabara mbili ndiko kunakosumbua.

Wanawake wasitupwe nje ya utafiti kwa kisingizio cha ugumu. Wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango huwa na protini nyingi zaidi ya kushika kotisoli, na mwitikio wao kwenye mate huwa mdogo. Walio katika nusu ya pili ya mzunguko, baada ya yai kutoka, huitikia karibu na wanaume kuliko walio katika nusu ya kwanza. Andika hali ya kila mmoja, gawanya makundi kwa kuizingatia, na useme wazi kwenye ripoti.

Nani anunue

Mwenye washiriki wazima wanaokuja maabara, friza inayoaminika, na mkono uliozoea pipeti, achukue vichupa vya kudondosha na sahani ya kingamwili. Asiye na mashine ya kusomea sahani anunue vichupa peke yake na apeleke sampuli kwenye maabara ya huduma, ila adai matokeo ya visima vyote viwili na ya vidhibiti, si wastani pekee. Kwa watoto na wazee wenye kinywa kikavu, chukua kipande cha nyuzi bandia; kwa mtoto mdogo kiwe kirefu, na mtu mzima ashike ncha ya nje muda wote ili asikimeze.

Kwa sampuli za nyumbani za baada ya kuamka, ambapo kotisoli hupanda kwa dakika 30 hadi 45 za kwanza, usitegemee daftari la mshiriki. Watu huandika saa waliyoambiwa, si saa waliyofanya, na kuchelewa dakika 15 kwa sampuli ya kwanza kunatosha kuufuta mpando wote. Nunua chupa ya kuhifadhia vipande yenye kifuniko kinachorekodi muda wa kufunguliwa, na umwambie mshiriki waziwazi kwamba kinarekodi.

Mwenye kutaka jibu ndani ya dakika chache ili aamue nani aendelee na jaribio siku hiyo, kifurushi cha sahani hakimfai kabisa. Kuanzia kuyeyusha hadi kusoma ni sehemu kubwa ya siku ya kazi, na sampuli moja peke yake itakula visima vya viwango sawa na sampuli 38.